Mkungu wa Shukrani na Picha ya Shingo Yangu

Ninyi mnaopakia ndizi pale Kyimo huku nyaya za simu zimening'inia masikioni, zitoeni kidogo. Nina habari za shingo. Mtu mwenye shingo nzima hawezi kuzisimulia, maana hata hakumbuki kama anayo. Mimi yangu naijua pingili kwa pingili, na picha yake ninayo kwenye simu, ina rangi nyingi kuliko kitenge cha Pasaka.

Kwenu mimi ni yule mzee ambaye akiitwa anageuka mwili mzima. Mmenipa jina la Kontena. Mnadhani silijui. Nalijua, na aliyelianzisha namjua, ni Gidioni, nyapara wenu, ambaye zamani alikuwa nyapara wangu. Nitamtaja sana humu. Akitaka kunishitaki aje nyumbani, njia anaifahamu.

Kwanza, mimi si mzee kihivyo. Niliosoma nao mpaka darasa la nne, nilipoishia, bado wanacheza mpira wa maveterani Tukuyu mjini na kugombana na refa. Lakini kwenye kazi yetu hakuna kustaafu kwa keki na hotuba. Mwalimu anastaafu, bwana shamba anastaafu, mbebaji anavunjika. Siku unayovunjika ndiyo sherehe yako, na mgeni rasmi ni Gidioni anayekuuliza mbona umeangusha ndizi za watu.

Kubeba nilifundishwa na mzee Lwitiko, marehemu sasa, mtu mfupi mwenye kisogo kama kinu. Siku yangu ya kwanza hakunipa ndizi. Alinipa majani makavu ya mgomba akasema, "Sokota ngata." Nikasokota. Akaitazama, akaitupa kwenye tope. Nikasokota nyingine, akaitupa. Siku nzima kazi yangu ilikuwa kusokota na yake kutupa. Jioni akanieleza: ngata isiwe ngumu, itakutoboa, isiwe laini, mzigo utacheza, na usisokote kwa majani mabichi hata ukiwa na haraka namna gani, yanateleza, na mzigo ukiteleza kichwani shingo ndiyo inayojaribu kuudaka. Halafu akanipa sheria yake kubwa. Ukiwa chini ya mzigo, akikuita mtu, hata akiwa mchungaji, geuka na miguu. Usigeuze kichwa.

Yaani nimekuwa Kontena sasa hivi, wakati mzee Lwitiko alinitaka niwe Kontena tangu mwanzo. Ningemsikiliza ningekuwa bado nabeba.

Sasa Gidioni. Huyu alileta mtindo wa pea. Vijana wengi mnaujua, wengine mnaufanya mpaka leo, nawaona. Mikungu miwili inafungwa pamoja kwa kamba ya mgomba, mmoja unalala mbele ya utosi, mwingine nyuma, na mwanadamu anakuwa katikati kama punda wa mnadani. Gidioni hakumlazimisha mtu. Hapo ndipo ujanja wake ulipo. Alikuwa anasimama kwenye mkia wa lori, mikono mifukoni, koti la mvua jipya, anasifia. "Mwoneni Baba Neema, hilo ndilo dume. Wengine mnabeba kama mabibi harusi." Nani anataka kuwa bibi harusi mbele ya kina mama wa sokoni? Nikabeba pea. Nikabeba pea msimu kwa msimu, mvua ya Rungwe inanyesha, udongo umekuwa sabuni, na mimi napanda ubao wa lori kama nimepewa nishani.

Siku yenyewe nilikuwa katikati ya ubao, pea kichwani. Gidioni akaita kwa nyuma, "Baba Neema, wanakuangalia huku." Mimi, mtu mzima, mwenye mke na watoto, nikageuza kichwa nione nani ananiangalia.

Shingo ililia kama mua unavyovunjwa gotini. Mikungu ikaenda upande wake, mimi upande wangu. Na waliokuwa wananiangalia, niliwauliza baadaye, hawakuwepo. Alikuwa mbuzi tu.

Maumivu ya shingo yenyewe yalikuwa ya kawaida, nilidhani yatapita. Kilichonitisha ni mkono wa kulia. Kwanza ulianza kuchomachoma mpaka kidole gumba. Halafu ukawa mzito, halafu ukawa kama wa kuazima. Nikashika kikombe, kikombe kikaanguka. Mama Neema akadhani nimekasirika, akaninunia. Siku ya pili kikaanguka kingine, na mimi nikiwa nacheka. Hapo akaelewa. Akaushika mkono akasema, "Mbona wa baridi hivi? Huu umetoka wapi?" Kama vile nimeuokota njiani.

Ubaya wake ni kwamba haukuwa na kitu cha kuonyesha. Haukuvimba, haukuwa na kidonda, haukupinda. Ukivunjika mguu kila mtu anakuletea uji. Ukiumwa kitu kisichoonekana unaletewa maneno. Gidioni alikuwa wa kwanza kuyaleta. Alisema pale Kyimo mbele ya watu, "Mkono mzima ule. Huyo ameogopa mvua." Mnajua kwetu jina la mvivu linavyomganda mtu. Hata wenzako wakiwa na kazi ya kusaidiana kujenga, hawakuiti. Wanasema, huyo mwacheni, atatuangukia. Nikapita njia nzima ya kwetu Kisondela, watu wanaongea, nikifika wananyamaza na kunisalimia vizuri mno.

Mkosaji wa pili ni Kapeje, mchuaji wa Msasani, mtaa wa Tukuyu mjini. Naye nampa nafasi yake. Alinifunga taulo chini ya kidevu, akafunga upande wa pili kwenye mlango, akaniambia nifikirie mambo mazuri, kisha akaufunga mlango. Sitaeleza zaidi. Nilitoka nikiwa naona Kapeje wawili, na wote nawachukia. Hayo si matibabu, vijana. Mlango ni wa kupita.

Ndipo Mama Neema akanikamata koti, akanipeleka hospitali, kwa Bi. Zuhura.

Huyu ni mtaalamu wa viungo, mama wa Tanga, kapangiwa kazi huku. Mvaaji wa masweta. Mpaka leo baridi yetu haijamzoea wala yeye hajaizoea. Kiswahili chake kinatiririka hata akikugombeza unasikia kama anakuimbia. Alinigongagonga viwiko kwa kinyundo, akaniambia nimbane vidole vyake. Wa kushoto ukabana. Wa kulia ukamshika tu kama mtoto anayepelekwa kanisani. Akaniandikia nikapimwe Mbeya, nikaingizwa kwenye lile bomba linalopiga kelele kama mashine ya kusaga. Majibu yakarudi, akanieleza kwa kutumia andazi. Kati ya pingili na pingili kuna kijimto laini, ndiyo diski yenyewe. Pea zako zimekibana mpaka kimechomoza nje. Akalibonyeza andazi, likatumbuka pembeni. "Hapa kilipochomoza," akasema, "kimeuminya mshipa wa fahamu unaokwenda mkononi."

"Kwa hiyo siigizi?"

"Nani kakwambia unaigiza?"

Nikamtaja. Kwa jina lote.

Akacheka, akavuta droo, akatoa kidude kidogo kama kiberiti, akakichomeka kwenye simu yake. "Hii ni kamera ya joto, Baba Neema. Haioni diski, usije ukawadanganya watu. Inaona joto la ngozi basi. Lakini mshipa ukibanwa, mara nyingine damu ya mkono ule haipiti kama kawaida, ngozi inapoa. Tutapiga leo, tutapiga tena baada ya matibabu, tufananishe. Vua shati."

Nivue shati, Tukuyu, mwezi wa mvua. Akanikalisha kwenye stuli, kifua wazi, akasema nitulie mpaka mwili uzoee chumba, nisijisugue, nisishike chai. Yeye yuko ndani ya masweta mawili. Nikamwambia, "Daktari, nikizoea zaidi ya hapa mtanizika."

Picha ikatoka. Mkono wa kushoto ulikuwa wa manjano na chungwa, umewaka vizuri kama mahindi ya kuchoma. Wa kulia, kuanzia kwenye kiwiko kushuka mpaka vidoleni, bluu. Bluu ya daftari. Nilikaa naitazama. Miezi mizima nilikuwa naambiwa naigiza, na sasa uvivu wangu una rangi. Sioni haya kusema macho yalinilowa. Mama Neema akajifanya anatafuta kitu kwenye mkoba.

Nikaomba anirushie picha kwenye simu, nikaenda nayo moja kwa moja Kyimo. Nikamwekea Gidioni chini ya pua. Akaitazama, akaipindua simu, akasema, "Simu za siku hizi ukitaka zinakuwekea hata pembe." Wote wakacheka. Hata mimi nilicheka kidogo, ili nisilie.

Matibabu yakaanza. Kuvutwa shingo kwa mashine, taratibu, siyo kwa mlango. Kuvaa kola ya shingo. Na mazoezi: unavuta kidevu nyuma kama kuku aliyeonyeshwa chakula asichokipenda. Nilikuwa nafanya hivyo uani, kuku wenyewe wananishangaa. Na amri moja aliyoirudia kila nilipokwenda: usibebe kitu. "Hata ndoo, baba. Hata mkoba wa mama."

Pia aliniambia ukweli bila kuuzunguka. Tukifika mwisho wa matibabu na mkono bado wa baridi na hauna nguvu, ananipeleka Mbeya kwa madaktari wa upasuaji. Wafungue shingo kwa mbele. Kwa mbele, jamani, mahali pa kuchinjia. Tangu siku hiyo kila asubuhi kabla ya kusali naushika mkono kuona kama umepata joto.

Na ukawa unapata. Nikafunga kifungo cha shati. Nikashika kikombe, kikakaa. Nikabana koleo la jikoni. Mpaka siku ya picha ya pili inafika nilikuwa najua moyoni kwamba nimepona, na hapo ndipo kichwa kikaharibika.

Mnajua wenyewe hatuendi mikono mitupu kwa mtu aliyetutendea wema. Unakwenda na nini kwa mama wa Tanga aliyekurudishia mkono? Nilikuwa na mkungu umekomaa kule shambani Kisondela, mzuri, vidole vimejaa. Nikamwita dereva wa bodaboda aje aubebe. Akapiga simu amekwama kwenye utelezi, nimsubiri. Mama Neema akasema, "Msubiri." Nikasema, "Nitachelewa picha." Akasema, "Basi uache huo mkungu, atauleta kesho." Nikamwambia mkungu wenyewe mdogo.

Haukuwa mdogo.

Nikauweka begani, nikauegemeza shingoni upande wa kulia, nikafunika gunia kwa ajili ya mvua. Nikatembea. Mvua ikanipiga, vidole vikafa ganzi kwa baridi, bega likawaka moto. Nikafika hospitali nimechelewa, foleni ndefu. Nikauficha mkungu nje nyuma ya mlango, nikitaka nimshtukize mwishoni. Nikavua shati, nikalitundika msumarini, nikakaa kwenye stuli. Kwa sababu ya kuchelewa nilikaa kidogo tu, akapiga.

Niliona uso wake ukibadilika. Akapiga tena. Akanionyesha. Shingo yote ya kulia mpaka begani ilikuwa nyekundu inayoelekea weupe, jiko la mkaa kabisa. Na mikono, siyo mmoja sasa, yote miwili, bluu tupu.

"Baba Neema," akasema polepole, "tumerudi nyuma kuliko tulikoanzia."

"Mpaka wapi?"

"Itabidi tuongee habari za Mbeya."

Nikashika koo langu. Nilijiona nimelala, na mtu kashika kisu, na Gidioni kasimama pembeni mikono mifukoni anasifia.

Lakini yule mama si mtu wa kuamini kitu kimoja. Akachukua kinyundo, akagonga. Kiwiko kikaruka vizuri. Akasema nibane vidole. Nikabana kwa hofu yote niliyokuwa nayo, akasema, "Inatosha, baba, utanivunja." Akarudi kwenye picha, akarudi kwangu. "Mkono unaniambia umepona. Picha inakataa. Mmoja ananidanganya."

Akawa anatembea chumbani anafikiri. Akafika kwenye shati langu pale msumarini. Akasimama. Akalishika kola kwa vidole viwili, akanusa. Lilikuwa na utomvu wa ndizi, mbichi, umeshika mpaka mgongoni, ule usiotoka hata kwa sabuni gani.

"Baba Neema, leo umebeba nini?"

"Mimi?"

"Hapana, msumari."

Nikatazama mlango. Akatoka, akasikika nje akisema "Ya Rabi," akarudi.

"Ule mkungu wa nani?"

"Wako."

"Umefikaje hapa?"

"Nimekuletea shukrani, daktari."

"Umefikaje, baba?"

"Kwa shingo."

Akakaa chini. Nilidhani atalia, kumbe anacheka, anacheka mpaka kilemba kinalegea, kisha akaacha ghafla akanigombeza kwa ule wimbo wake mpaka foleni yote nje ikanyamaza kusikiliza. Mimi nakuvuta shingo toka msimu ule, anasema, wewe unakwenda kuipakia tena ili uje kunishukuru. Joto hili ni la mkungu na baridi hii ni ya mvua, siyo ya mshipa. Kesho urudi. Ukiwa mkavu. Ukiwa mtupu. Hata ua usishike.

Kesho yake nilikwenda kwa bodaboda, nimejifunika koti, sikushika hata mwavuli. Nikakaa kwenye stuli mpaka meno yakazoea. Picha ikatoka: mikono yote miwili manjano na chungwa, mapacha. Akaitazama muda mrefu, akagonga, akanibanisha vidole, ndipo akasema kisu hakuna. Kisha akaninyooshea kidole. "Umepona kwa ajili ya kushika kijiko na jembe dogo na mkono wa mkeo. Kubeba kwa kichwa na shingo, basi. Mpaka kufa."

Nikasema ndaga, ndaga fijo. Siku hizi hata yeye anajua maana yake ni ahsante sana.

Mnadhani yameisha. Hamumjui Gidioni. Kyimo habari zinafika kabla yako. Kesho yake kabisa yuko uani kwangu, koti la mvua, anatabasamu. "Baba Neema, nimesikia picha imesema umepona. Asubuhi kuna lori. Ndizi zinaoza, watu hawatoshi. Njoo dume langu." Picha ya kwanza ilikuwa simu inaweka pembe. Hii ya pili ghafla imekuwa Injili.

Na niwaambie ukweli wangu, nilitaka kwenda. Kazi nyingine siijui. Na nisipokwenda, jina la mvivu linarudi, tena sasa na ushahidi. Nikamwambia nitafika.

Nikafika. Foleni ya wabebaji imesimama chini ya ubao, wa mbele kabisa ana pea kichwani tayari. Nikamwendea Gidioni nikampa simu. Nilikuwa nimefungua ile picha ya katikati, ya siku ya mkungu. Kichwa hakionekani, ni shingo, mgongo na mikono.

"Hebu nisaidie, nyapara. Wewe unaona mbali. Huyu mtu unamwonaje?"

Akaitazama. Akaisogeza karibu. Watu wakazunguka.

"Mh. Huyu shingo inaungua kabisa. Na mikono imekufa. Nani huyu?"

"Angekuwa mtu wako ungemfanyaje?"

"Hospitali. Moja kwa moja. Unamwacha huyu wa nini?"

"Si anaigiza?"

"Anaigizaje na shingo kama jiko?"

"Basi ni mimi," nikasema. "Majuzi tu. Nilibeba mkungu mmoja. Mmoja, Gidioni, wa zawadi, njia nzima nikijua nimepona."

Hakuna aliyecheka. Wale wa foleni walikuwa wanaitazama picha, kisha kila mmoja akawa anajishika shingo yake, kama watu waliokumbuka wameacha mlango wazi. Gidioni aliendelea kushika simu. Aliikuza kwa vidole, akaipunguza. Niliona mkono wake mwingine unatoka mfukoni, unapanda, unajigusa kisogo. Naye alibeba kabla ya kuwa nyapara, tulikuwa tumesahau, labda na yeye.

Akanirudishia simu bila kuniangalia. Akamgeukia yule wa mbele aliyekuwa chini ya pea, miguu inatetemeka.

"Wewe," akasema. "Shusha mmoja."

Nilimwambia kwa mdomo miezi mingi hakusikia, ikabidi nipakwe rangi. Hilo sijamsamehe, na jina la Kontena pia. Lakini asubuhi ile nilikaa kwenye jiwe pale Kyimo nikawatazama wakipanda ubao na mkungu mmojammoja, na aliyeitwa kwa jina akiwa juu, aligeuka na miguu.

Bi. Zuhura bado anapata ndizi zake. Mkungu unapanda bodaboda, umekaa mbele ya dereva kama mama mkwe. Mimi nafuata na bodaboda ya pili, mikono mapajani, sishiki kitu.